Ufunguo wa sanduku la malalamiko uko kwa nani?

Wandugu wakulima, sanduku la malalamiko linatundikwa ukutani kwa depo, sawa. Lakini ufunguo unakaa kwa nani? Kama uko mfukoni mwa mkuu wa depo, lile sanduku ni pambo tu. Memba aliyeona kilo za kakao zikipunguzwa kwenye mizani hataweka kitu ndani. Tunaona kila koperative ibadilishe jambo hili mbele ya msimu kuanza.

Huku kwetu Butembo na Beni tulilipa bei kali kwa somo hili. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashirika yalileta kazi nyingi: kupika, kufagia, kuendesha gari, kufuatilia wagonjwa. Kukawa wakubwa wa kazi waliowaomba wanawake miili yao ili wawape kazi au wasiwafukuze. Dunia ilisikia Septemba 2020 tu, waandishi wa habari walipowasikiliza wanawake zaidi ya 50 huko Beni. Mwaka uliofuata, tume huru iliyowekwa na OMS, shirika la afya la dunia, ikatoa ripoti. Mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa Mama Julienne Lusenge, Mkongomani mwenzetu. Walihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Na hili njo lilitugusa zaidi: malalamiko yalikuwa yanakataliwa kama hayakuandikwa. Mama anakuja kusema kwa kinywa, anaambiwa alete karatasi! Wengi walinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi.

Wenye karatasi nao hawakupata usalama. Kule Kinshasa, Gradi Koko na Navy Malela walikuwa wafanyakazi wa benki ya Afriland. Waliona mwendo wa makuta usioeleweka, wakatoa hati za benki nje ya nchi. Benki ikakana, ikawashitaki. Septemba 2020 tribinali ikawahukumu kifo wakiwa hawapo. Wenyewe walikuwa wamekimbilia Ulaya. Mtumishi wa serikali anayesikia hayo, je, ataenda kusema kwamba mbolea ya wakulima inauzwa sokoni?

Hapo ng'ambo ya Kasindi, Uganda ilifanya sheria ya kuwalinda wafichuzi tangu 2010. Mwenye kufichua wizi anaweza hata kupewa asilimia 5 ya makuta yanayorudishwa. Sisi hatupendi sana ile zawadi, inaweza kuamsha tamaa. Lakini ulinzi, ndiyo.

Kuna wazee wanaosema: mkifungua mlango huu, watu watachafuliana majina kwa wivu. Ni kweli, na kwetu ni hatari kuliko kwingine. Katika vita hii, neno moja juu ya mtu linaweza kumwua. Njo maana jina la anayesema lifichwe, na jina la anayesemwa pia lifichwe, mpaka mambo yapimwe. Uvumi wa sokoni hauna mtu wa kuupima. Malalamiko yaliyopokelewa vizuri yanaye.

Koperative hazihitaji kungojea Kinshasa. Sheria ya OHADA juu ya koperative inataka kuwe na watu wa kuchunga uongozi. Ufunguo uende kwao, na wasiwe shemeji na binamu wa wale wanaochungwa. Wawili wawe wanawake, maana kuna mambo mama hatamwambia papa. Wapokee maneno ya kinywa, kwa Kinande au Kiswahili, wayaandike wenyewe. Wasiangalie mizani tu: hata kibarua wa depo anayeombwa kitu ili apewe siku ya kazi awe na mahali pa kusema. Na iandikwe katika kanuni za ndani kwamba aliyesema kwa nia njema hataondolewa kwenye orodha ya mbegu wala mazao yake hayatakataliwa, hata kama uchunguzi ukionyesha kwamba hakuona vizuri.

Mashirika nayo yasijifiche. Agronomu anayegawa mbegu za shirika hawezi kuwa yeye anayepokea malalamiko juu ya mbegu hizo. Memba wana haki ya kuuliza, siku ya kwanza ya kila mradi na mbele ya mkutano wote, jina la mtu mwingine wa kumwendea. Kama shirika halina jibu, msitie sahihi bado.