-KI- ya Masharti Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Yapo madai yaliyoshamiri, hata miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili, kwamba hesabu ni uwanja wa Kiingereza na kwamba Kiswahili kibakie katika ushairi na riwaya. Nayapinga. Hesabu ya uwezekano wa matukio ambatano ni suala la sarufi kabla halijawa suala la tarakimu.

Tuchukue takwimu mashuhuri za matibabu ya mawe ya figo zilizochapishwa nchini Uingereza mwaka 1986 katika jarida la British Medical Journal. Wagonjwa 350 walipasuliwa kwa njia ya kawaida. Wengine 350 wakaondolewa mawe kupitia tundu dogo. Upasuaji ulifaulu kwa wagonjwa 273, nayo njia ya tundu kwa 289. Hao tuwaite waliopona.

Je, kuna uwezekano gani kwamba mgonjwa aliyeteuliwa kwa bahati nasibu alipasuliwa na akapona? Kiunganishi "na" chatuamuru tugawe 273 kwa wagonjwa wote 700: asilimia 39. Lakini mgonjwa aliye kitandani haulizi hivyo. Yeye huuliza, "Nikipasuliwa, nitapona?" Kiambishi -ki- cha masharti kimewaondoa wasiopasuliwa. Sasa twagawa 273 kwa 350: asilimia 78. Atakayechanganya "na" na "-ki-" atamtia mgonjwa hofu isiyo na msingi.

"Au" nayo ina mtego wake. Waliopasuliwa ni 350 na waliopona kwa jumla ni 562. Ukijumlisha wapata 912, ilhali wagonjwa wote ni 700! Waliopasuliwa wakapona wamehesabiwa mara mbili. Tukiwatoa hao 273 mara moja, twabaki na 639 waliopasuliwa au waliopona.

Kufikia hapa, njia ya tundu yaonekana bora: asilimia 83 dhidi ya 78. Hebu tuongeze sharti la pili, yaani ukubwa wa jiwe. Mwenye jiwe dogo akipasuliwa, waliopona ni 81 kati ya 87 (asilimia 93); akitobolewa tundu, ni 234 kati ya 270 (asilimia 87). Kwa wenye mawe makubwa, ni 192 kati ya 263 (asilimia 73) dhidi ya 55 kati ya 80 (asilimia 69). Upasuaji washinda pande zote mbili! Siri ni kwamba wengi wa waliopasuliwa walikuwa na mawe makubwa, ambayo ni magumu kutibu.

Ni nani basi atakayemfafanulia haya mgonjwa ajuaye Kiswahili pekee, iwapo sisi tunaoichambua -ki- darasani twaikimbia tarakimu? Idara zetu za Kiswahili, hisabati na utabibu hazina budi kuketi pamoja. Lugha inayoweza kusema "nikipasuliwa" ina uwezo wa kuhesabu uwezekano. Kilichopungua si msamiati, bali ni ari yetu.