Rangi Tatu Zatosha

Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Kwa vizazi kadhaa wanawake wa pwani wamekivaa harusini, na hadi leo kikitundikwa dukani katikati ya kanga mpya za kila rangi, jicho hukiendea kwanza. Toleo hili tumelitenga kwa hoja ambayo kisutu kimekuwa kikiitetea muda wote huo: mbunifu anayechagua rangi tatu kali na kuzishikilia hufanya kazi ngumu zaidi, na bora zaidi, kuliko anayetumia kumi.

Nasema kali kwa makusudi. Siku hizi nembo nyingi zinapaushwa zifanane na karatasi ya kufungia zawadi, eti ndio ustaarabu. Pwani yetu haikulelewa hivyo.

Wachapaji wa zamani hawakuwa na uhuru wa kuchezea rangi. Kila rangi ilidai kibao chake cha mbao, baadaye skrini yake, na kitambaa kilipitishwa tena kwa ajili yake. Kuongeza rangi kulimaanisha kuongeza gharama na hatari: mchoro ukisogea kidogo tu, ua linabaki huku na mstari wake unaangukia kule. Hivyo hakuna rangi iliyoingia bila kazi. Nyekundu ilibeba uzito, nyeusi ikakata mipaka, na nyeupe mara nyingi ilikuwa pamba yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Kompyuta imeifuta gharama hiyo kwa mbunifu na kumtwisha mtazamaji. Bango lenye herufi za zambarau zilizozungushiwa njano juu ya kijani, na kivuli cha bluu chini yake, halimgharimu aliyelitengeneza chochote zaidi. Anayepita na daladala ndiye anayeshindwa kusoma hata namba ya simu.

Itazameni bendera ya Kenya. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU, na kabla ya hapo, mwaka 1920, chama cha Marcus Garvey kilikuwa kimezitangaza mjini New York kuwa rangi za watu weusi wote. Bendera ilipopandishwa Desemba 1963, kati ya rangi hizo kulikuwa na mistari miembamba myeupe. Kimaana ni amani. Kiufundi ni uamuzi mzuri ajabu, kwa sababu nyekundu na kijani zenye uzito unaokaribiana zikigusana hutetema machoni. Wapo watakaosema basi rangi ni nne. Mimi naihesabu nyeupe ile kuwa mtumishi wa zile tatu.

Kwa nini zisiwe mbili? Kwa sababu jozi za rangi karibu zote zimeshapata wenyewe. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayepaka duka kijani na njano ajue kwamba mpita njia atafikiria Yanga au CCM kabla ya kufikiria bidhaa zake. Nyekundu na nyeupe ni za Simba. Rangi ya tatu ndiyo inayouvunja ukoo huo na kukupa jina lako mwenyewe, mradi uipe nafasi yake. Tatu zikigawana eneo sawasawa, hakuna inayoongoza. Moja itawale, ya pili iijibu, ya tatu ije kidogo na pale tu inapohitajika.

Katika mitindo mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1965, pale Yves Saint Laurent alipoleta magauni yaliyotokana na michoro ya Piet Mondrian: nyekundu, bluu na njano ndani ya mistari myeusi juu ya nyeupe. Angeweza kuchapa mchoro juu ya kitambaa akamaliza. Badala yake vipande vya sufu vya kila rangi vilikatwa na kuunganishwa, na mishono ikafichwa ndani ya gridi yenyewe. Rangi pale ndiyo mkato wa gauni. Fundi wa kwetu anayepanga kanga ili pindo liangukie mkononi na chini ya gauni anaijua kazi hiyo vizuri.

Kabla hujaidhinisha nembo yoyote, itoe nakala ya fotokopi nyeusi na nyeupe. Rangi zako tatu zikigeuka kijivu kimoja, umechagua vibaya, na watu wasiotofautisha nyekundu na kijani wanaweza kupata shida kuisoma. Jaribio hili ni la shilingi chache, lakini ofisi nyingi hulipa mamilioni bila kulifanya.

Kurasa zinazofuata zimechapwa kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe ya karatasi, picha zote zikiwemo. Zisomeni kwa ukali. Mkiona mahali ambapo rangi ya nne ilihitajika kweli, tuandikieni mtuonyeshe ukurasa, nasi tutaichapa barua yenu katika toleo lijalo.