Mnara tunaukataa, simu tunailalia

Leo tuweke pembeni mbegu na bei ya mbaazi, tuzungumze kuhusu mionzi ya simu, maana ndiyo iliyomeza kikao changu wiki mbili zilizopita. Nilialikwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja kufundisha uhifadhi wa mahindi. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja alisimama akasema kampuni ya simu inaomba eneo la kujenga mnara, na mnara unaleta saratani. Mjadala ukala saa mbili nzima. Mwisho wananchi wakaazimia kukataa.

Muda huohuo, nyuma ya ofisi ya kijiji, mama mmoja muuza nyanya alikuwa amepanda juu ya kichuguu, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimpigia kelele dalali wa mjini. Pale kijijini mtandao unasomeka mstari mmoja, tena juu ya kichuguu tu. Aliongea karibu nusu saa, na hakuna aliyemwona kama mtu mwenye jambo la kuogopa.

Maoni yangu ni haya: kijiji kile kimeogopa kitu ambacho sicho. Naomba unisikilize kabla hujakasirika.

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio, jamaa ya yale yanayokuletea taarifa ya habari jioni. Si sawa na mionzi ya eksirei, kwa sababu hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili. Jambo linalojulikana kwa uhakika ni kwamba yakizidi sana hupasha mwili joto, na vikomo vimewekwa kuzuia hilo. Kiasi ambacho mwili unafyonza hupimwa kwa wati kwa kila kilo, na kipimo chenyewe huitwa SAR. Ulaya simu hairuhusiwi kuzidi wati 2 kwa kilo kichwani na kiwiliwilini. Marekani, ambao wana namna yao ya kupima, wameweka 1.6. Ukitaka kuona ya kwako, bonyeza *#07# kama unayetaka kupiga. Simu nyingi za kisasa zitakuonyesha.

Lakini usiishie kwenye namba hiyo. Maabara huipima simu ikiwa inatuma kwa nguvu zake zote. Ukiwa mahali penye mtandao mzuri, simu hutuma kwa nguvu ndogo kuliko hapo, mara nyingi ndogo sana. Fikiria mtu unayemwita ng'ambo ya bonde: unapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama. Akivuka na kukaa jirani yako unanong'ona tu, naye anasikia. Simu nayo ni hivyo. Mnara ukiwa mbali inapaza sauti, na kichwa chako ndicho kilicho mdomoni pake. Mnara ukiwa karibu inanong'ona, na betri yako inakaa siku nzima. Yule mama wa kichuguu alikuwa anapata mawimbi mengi kuliko dada yake wa mjini anayeishi mitaa miwili kutoka mnarani.

Na mnara wenyewe je? Una nguvu kuliko simu, sikatai. Ila mawimbi hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali, kama joto la moto wa kuni. Mitambo ya mnara iko juu na huelekeza mawimbi mbali, si chini miguuni pake. Ndiyo maana vipimo vinavyochukuliwa mahali watu wanapoishi kwa kawaida hukutwa chini sana ya kikomo. Kupanda mnarani mbele ya mitambo ni jambo jingine, waachie mafundi. Kama mnataka kuibana kampuni, ibaneni kwenye kodi ya ardhi, muda wa mkataba na kelele za jenereta. Huko ndiko nimeona vijiji vikipunjwa.

Sasa hilo neno saratani. Mwaka 2011 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani inawezekana yanasababisha, ila ushahidi haujatosha. Mwaka 2024 mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na shirika hilo hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Wakala huohuo umeiweka glaifosati, dawa ya magugu mnayopiga bila glovu wala buti, kundi la 2A, ngazi moja juu ya simu. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, iko kundi la 1, pamoja na vitu ambavyo hakuna tena ubishi juu yake. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Somo hilo ndilo nililokwenda kufundisha siku ile, nikapewa dakika kumi za mwisho wakati watu wanakung'uta vumbi waondoke.

Sisemi uishi na simu sikioni. Tahadhari haigharimu kitu. Mtandao ukiwa hafifu, tuma ujumbe, au subiri ufike penye mtandao ndipo upige. Ukilazimika kuongea muda mrefu, weka spika au tumia hedifoni za waya, maana kuisogeza simu sentimita chache tu kutoka kichwani kunapunguza sana kile unachofyonza. Mtoto asipewe simu kama njuga ya kuchezea. Usilale nayo chini ya mto, na hapa hofu yangu kubwa ni moto: simu inayochajiwa ikiwa imefunikwa na godoro hupata joto, na betri iliyovimba inaweza kulipuka. Ukiona betri imevimba, acha kuitumia hata kama "bado inakaa chaji". Nanyi vijana wa bodaboda mnaochomeka simu ndani ya helmeti, mwendo ule mkiwa mnaongea utawamaliza kabla mawimbi hayajaanza kazi.

Wauza simu mnadani nao wasikilize. Simu bandia haijapimwa na mtu yeyote, SAR yake haijulikani, chaja yake ni ya kubahatisha. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016 na wapo waliopoteza mitaji. Kabla ya kununua, bonyeza *#06# uone kama namba ya utambulisho inafanana na iliyoandikwa kwenye boksi. Isipofanana, rudisha.

Mkutano mwingine wa kijiji kile ni Jumanne ijayo. Nimemwomba mwenyekiti dakika ishirini kabla ajenda ya mnara haijafunguliwa upya. Mama wa nyanya ameniambia atakuja kusema mwenyewe ni tenga ngapi zilimwozea msimu huu kwa sababu dalali alipiga simu haikupatikana.