Setelaiti Ione, Nasi Tushuke Shambani



Mafuriko yakitokea, kazi ya kwanza ni kuokoa watu, na hapo hakuna anayebishana. Ubishi huanza katika kazi ya pili, yaani kuhesabu hasara ya mazao. Nani aandikwe? Ekari ngapi? Kwa ushahidi gani? Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani apewe mbegu za kupandia tena, nani apate mahindi ya msaada, na nani aambiwe kwamba jina lake halimo. Hili ni suala la haki, na kwa sababu hiyo sisi Wakristo hatuwezi kuwaachia wataalamu peke yao.

Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuathiri watu zaidi ya 200,000 nchini. Miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana ni Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, ambako mto ulitapakaa katika mashamba ya tambarare. Hebu jiulize, ndugu msomaji: afisa kilimo wa kata anapimaje shamba lililo chini ya maji? Njia imekatika, mipaka haionekani, na wenye mashamba wamehamia kwa ndugu zao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji, lakini kamati haina mabawa. Mara nyingi itaandika kile inachoambiwa. Anayejua kusema ataandikwa ekari tano, na mjane aliye kimya anaweza asiandikwe kabisa.

Hapo ndipo picha za setelaiti zinapokuwa na faida, na ni vizuri tuelewe zinavyofanya kazi. Kamera ya kawaida iliyo angani haioni kitu wakati wa masika kwa sababu ya mawingu. Rada inaona. Inatuma mawimbi yake yenyewe, usiku na mchana, yanapenya mawingu, yanagonga ardhi na kurudi. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi hayo pembeni kama kioo, kwa hiyo sehemu yenye maji hutokea nyeusi katika picha. Mtaalamu akilinganisha picha ya kabla ya mafuriko na ya baada yake, anaona maji yalifika wapi. Baadaye, mawingu yakiisha, kamera inayopima ukijani wa majani humwonyesha mimea ipi imepona na ipi imekufa. Setelaiti za Sentinel-1 za Ulaya zimekuwa zikifanya kazi hiyo ya rada tangu mwaka 2014, na picha zake hutolewa bure. Kwa Rufiji, ambako maji hukaa siku nyingi, ushahidi wa namna hii ni mzito kuliko maneno ya mtu yeyote.

Wapo wanaosema kwamba sasa tumepata dawa ya upendeleo: setelaiti haina shemeji wala jirani, basi iachwe iamue. Hapo nasita.

Tuangalie kwetu Igamba. Mbozi ni nyanda za juu. Mto wetu mdogo ukifurika usiku, asubuhi maji yameshateremka kuelekea mabondeni. Setelaiti moja ya rada hupita katika njia ileile kila baada ya siku 12. Ikifika huku kwetu haikuti maji, bali mchanga uliofukia maharage. Pili, kila nukta ya picha hizo za bure hubeba karibu mita kumi kwa kumi za ardhi. Ekari moja ni nukta kama arobaini tu. Robo ekari ya bustani kandokando ya mto ni nukta kumi, na nyingi kati ya hizo zimechanganya shamba, kichaka na maji ya mto. Tatu, sisi tunachanganya mazao. Juu upo mgomba, chini yake kahawa, na chini kabisa maharage. Maharage yakioza, mgomba bado ni wa kijani, na setelaiti itasema shamba ni zima. Hata magugu yanayochipuka baada ya mafuriko ni ya kijani.

Mpunga na mahindi marefu nayo yana mtego wake. Mmea ukisimama ndani ya maji, mawimbi ya rada hudunda kati ya maji na mashina na kurudi kwa nguvu, hivyo shamba lililozama linaweza kuonekana jeupe badala ya jeusi. Asiyejua kuisoma picha atasema hapo hapakuwa na mafuriko.

Halafu kuna jambo ambalo setelaiti haitalijua kamwe hata ikiboreshwa vipi: shamba ni la nani msimu huu. Wengi wetu tunalima mashamba ya kukodi. Picha ikionyesha ekari mbili zimeharibika, msaada unaweza kwenda kwa mwenye ardhi, na aliyenunua mbegu na mbolea akabaki na deni.

Majirani zetu Kenya wana uzoefu wa kutufundisha. Tangu mwaka 2010, huko Marsabit, wafugaji wamekuwa wakikatiwa bima inayotegemea setelaiti. Inapimwa hali ya malisho ya eneo zima, na ukijani ukishuka chini ya kiwango, wenye bima hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Ni njia ya haraka na ya gharama nafuu. Lakini ina udhaifu unaojulikana: mfugaji anaweza kupoteza mifugo yake na asilipwe, kwa kuwa eneo lake kwa jumla lilionekana kuwa na nafuu. Jumla inaweza kuwa sahihi na mtu mmoja akaumia.

Katika masomo ya falsafa tunafundishwa, kwa kumfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba ukweli ni kupatana kwa akili na kitu chenyewe. Picha ni msaada wa akili, nacho kitu chenyewe kiko shambani. Na katika sura ya tatu ya kitabu cha Kutoka, Mungu anaona mateso ya watu wake, anasikia kilio chao, kisha anashuka kuwaokoa. Kuona kutoka juu kulikuwa mwanzo tu. Akasikia, akashuka. Tathmini yenye haki nayo ifuate mpangilio huo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, ramani ya setelaiti ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na isomwe katika mkutano wa hadhara kabla orodha haijafungwa, ili aliyeachwa aweze kusema na aliyezidisha aulizwe. Pili, jumuiya ndogondogo zetu ziandike mambo mapema, wakati wa kupanda: nani analima wapi, zao gani, la kwake au la kukodi. Simu ya kijana mmoja inatosha kupiga picha yenye tarehe na mahali. Zipo jumuiya karibu kila kitongoji, na zinamjua mjane kwa jina. Kazi hiyo ihusu majirani wote, wawe Wakatoliki au la, maana maji hayachagui dini. Tatu, pale picha na neno la mkulima vinapotofautiana, watu wawili au watatu waende shambani wakaone kabla ya kukata jina.

Kwenu ndugu zangu mafrateri: siku moja tutatumwa kwenye parokia ambazo mto utafurika. Tutaletewa orodha tuitie sahihi au tuisome kanisani. Tujifunze kuisoma picha ya setelaiti, ili asitokee mtu wa kutudanganya kwa kutumia picha hiyo. Na tukishaisoma, tuvae buti, tuongozane na mwenyekiti wa kitongoji, tukamuulize mama yule shamba lake liliishia wapi.