Kuondoa ushuru pekee hakutamfikishia mlalahoi gesi

MNAMO Julai 2021, serikali ilirejesha ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16 kwa gesi ya kupikia, miaka mitano baada ya kuuondoa. Mwaka uliofuata iliupunguza hadi asilimia 8, na ilipofika Julai 2023 ikaufuta tena. Mafuta taa nayo yaliwekewa tozo ya Sh18 kwa lita mwaka 2018, kwa nia ya kuwazima walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mwaka uo huo, ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku na bei ya makaa ikapaa.

Mkazi wa Kibera, Mathare au Mukuru amejikuta amebanwa kotekote. Anachotakiwa kukiacha kimepandishwa bei, na anachohimizwa kukikumbatia kimekuwa kikipanda na kushuka kwa kutegemea hotuba ya bajeti ya kila Juni.

Hata hivyo, mjadala huu umezingatia mno bei ya gesi kwa kilo na kusahau kipimo inachouzwa nacho. Mtungi mdogo unaotumiwa na wengi ni wa kilo 6, na kuujaza hugharimu zaidi ya Sh1,000 zinazotakiwa kwa mkupuo mmoja. Kibarua anayelipwa jioni hana fedha hizo mkononi. Alizo nazo ni za unga, sukumawiki na mkebe mmoja wa makaa. Huenda kufikia mwisho wa mwezi mikebe hiyo ikawa imemgharimu zaidi kuliko gesi, lakini hesabu hiyo haimfai kitu, kwa kuwa hakuna aliyempa fursa ya kulipa mwisho wa mwezi.

Athari zake si haba. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 23.9 pekee ya familia nchini zilizotegemea gesi kupikia. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 kote ulimwenguni mwaka 2020. Katika chumba kimoja ambamo familia hupika na kulala, jiko la makaa usiku wa baridi laweza kuua kabla ya mapambazuko.

Uhitaji usiotimizwa na sheria hutimizwa na wahalifu. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika kituo cha gesi mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema kituo hicho kilikuwa kimenyimwa kibali. Vituo vya aina hiyo hujipenyeza mitaani kwa sababu wateja wapo, na wanatafuta unafuu popote ulipo.

Serikali iliwahi kujaribu kuwafaa wanyonge kupitia mitungi ya Gas Yetu, ila mpango huo ulikwama baada ya mingi kupatikana na kasoro. Funzo lililopo ni kwamba mtungi wa bei nafuu, hata ungekuwa mzima, bado ungehitaji kujazwa.

Njia mwafaka ni kuuza gesi jinsi mlalahoi anavyonunua unga, yaani kidogo kidogo. Mita zinazofungwa kwenye mtungi tayari zinamwezesha mteja kulipa kwa simu kiasi cha mlo wa siku, na malipo yakiisha gesi hukatika. Kuanzia mwaka 2019, kampuni ya KOKO nayo iliuza ethanoli jijini Nairobi kwa mashine zilizowekwa madukani, mteja akinunua kadiri ya uwezo wake.

Basi fedha za umma zielekezwe kwenye gharama ya mita, jiko na mtungi wa kwanza. Ushuru wa gesi nao uwekewe msimamo wa miaka kadhaa, ili mwekezaji na mnunuzi wajue kesho kutakuwaje. Zaidi ya hayo, EPRA ikague vituo vya mitaani kabla ya maafa, si baada yake.

Kenya imejiwekea lengo la kila familia kutumia kawi safi ya kupikia kufikia 2028. Muda uliosalia ni mfupi, na lengo hilo halitatimia iwapo sera zitaendelea kutungwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara wa mwezi.