Kinda wa Kasuku Halazimishwi Kula

Kasuku wa kijivu hakuumbiwa gunia la mfanya magendo. Makao yake ni misitu, tangu Afrika ya Magharibi, kupitia Kongo, hadi Uganda. Mataifa yalikubaliana mjini Johannesburg mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao watokao porini, na marufuku hiyo ikaanza kutumika Januari 2017. Nasi tunayo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.

Askari wa mpakani aijua sheria hiyo. Lakini liko jambo lisilosemwa vya kutosha: kinda aliyeokolewa kwa mlanguzi aweza kufa mikononi mwa mwokozi wake.

Sababu ni kudhaniwa kuwa mtu mzima. Manyoya yametimia, mkia ni mwekundu, basi hurushiwa mahindi makavu na karanga. Ndugu askari, mtazame jicho. Kasuku mkubwa ana jicho la manjano hafifu. La kinda ni la kiza. Porini, kinda hutoka tunduni akiwa na umri wa karibu majuma kumi na mawili, na hata hapo wazazi huendelea kumlisha. Kujua kuruka si kujua kula.

Wako wasemao kwamba njaa itamfundisha. Hatukubaliani nao. Kuruta huelezwa sababu ya taabu yake. Kinda hajui lolote ila kwamba ameachwa. Hukonda, hulia mchana kutwa, kisha hunyamaza, na watu hudhani amezoea.

Njia iliyo sawa ni kumlikiza polepole. Apewe uji laini usio na chumvi, wenye joto la nyuzi 39 hadi 41. Ukizidi moto humchoma kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo; ukipoa hukaa humo na kuchacha. Kando yake iwekwe sahani ya mahindi mabichi yaliyochemshwa, maharage yaliyoiva vizuri, papai na karoti. Ataanza kwa kuchezea na kumwaga. Huko ndiko kujifunza. Akianza kumeza mwenyewe, uondolewe uji wa mchana, kisha wa asubuhi, na wa jioni uwe wa mwisho. Parachichi asipewe kamwe, kwani ni sumu kwake.

Kila asubuhi apimwe kwa mizani ya gramu kabla ya kula. Kupungua kidogo ni kawaida. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, arudishiwe uji na daktari wa mifugo aitwe upesi. Anayemhudumia anawe mikono, maana kasuku huweza kuambukiza binadamu ugonjwa wa mapafu.

Huenda mtu akauliza: je, askari amekuwa yaya? La. Kazi hii ni ya siku chache, mpaka maofisa wa wanyamapori wafike, nao waitwe siku ile ile ya ukamataji. Kasuku si zawadi ya kituo wala pambo la nyumba ya mkubwa. Ni ushahidi wa kesi na ni mali ya taifa. Yule aliyemkamata mwizi ana wajibu wa kuikabidhi mali ikiwa hai.