Mbegu ina siku zake: wahami wapewe mbegu kabla ya mvua, si mvua ikiisha

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Kuna maneno yanayosemwa sana juu ya wahami: walipewa mbegu, hawakuvuna kitu, kwa hiyo ni wavivu au walizila. Maneno hayo yanasemwa ofisini, sokoni, hata ndani ya familia zinazowapokea. Ni wachache wanaouliza swali la kwanza ambalo mkulima yeyote wa Masisi au Rutshuru angeuliza: mbegu hizo zilifika tarehe gani?

Mara nyingi jibu liko katika tarehe hiyo. Mbegu iliyofika mwezi mmoja na nusu baada ya mvua kuanza imebeba njaa ndani ya mfuko, hata kama ni mbegu bora.

Kalenda ya Kivu inajulikana na kila bibi mwenye jembe. Msimu A unaanza na mvua za mwezi wa tisa, na maharagwe yake yanavunwa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa kwanza. Msimu B unaanza katikati ya mwezi wa pili, mavuno yake yanakuja mwezi wa tano na wa sita. Kisha jua linashika, mwezi wa sita, wa saba, hadi wa nane. Hiyo ndiyo milango miwili ya mwaka. Anayekuta mlango umefungwa anangoja miezi mingi.

Sasa hesabu siku za haragwe fupi, lile lisilopanda mti. Linaota baada ya juma moja hivi. Linatoa maua kati ya siku ya 35 na ya 45. Linakauka tayari kuvunwa kati ya siku ya 75 na ya 90. Ukilipanda tarehe 1 mwezi wa tatu, maua yanakuja karibu tarehe 10 mwezi wa nne, mvua ikiwa bado nzuri, na karibu tarehe 25 mwezi wa tano unavuna. Ukilipanda tarehe 15 mwezi wa nne, maua yanatoka mwisho wa mwezi wa tano. Yanapohitaji maji kuliko wakati wote, mvua inaaga. Maua yanaanguka, maganda yanabaki na mbegu mbili zilizosinyaa. Shamba ni lile lile, mkulima ni yule yule, mbegu ni ile ile. Kilichoharibu ni majuma sita.

Wengine wanasema kuchelewa ni bora kuliko kukosa. Kwa blanketi, ni kweli. Kwa sufuria, ni kweli. Kwa mbegu, si kweli. Mama anayepanda kwa kuchelewa ametumia nguvu za kulima, amelipa kodi ya shamba la msimu, ameacha kibarua ambacho kingemletea unga wa siku. Akikosa mavuno, amepoteza kuliko yule ambaye hakupewa kitu.

Kumbuka mwezi wa pili mwaka 2025. Goma ilikuwa imetekwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Wahami wa kambi kama Bulengo wakaambiwa wana saa 72 za kuondoka. Watu waliokuwa chini ya maturubai, wengine tangu vita vya 2022, wakafunga virago na kushika njia ya Sake, ya Kibumba, ya Rutshuru, na magodoro kichwani. Ilikuwa katikati ya mwezi wa pili. Kwa kalenda ya shamba, zilikuwa siku zenyewe za kupanda msimu B. Je, mtu anayetoka kambini anabeba mbegu gani? Mbegu ya familia inatoka katika mavuno yaliyopita, na hao hawakuwa na mavuno yaliyopita. Walifika wakakuta mashamba yamekuwa pori, nyumba nyingine hazina mabati, na ghala ni tupu. Kuwarudisha watu mashambani katika juma la kupanda, bila mbegu mkononi, ni kuwahamisha njaa kutoka mjini hadi kijijini.

Jambo la pili ni aina ya mbegu. Haragwe linalopanda mti linazaa zaidi, hata mara mbili ya lile fupi, na wakulima wa milimani wanalipenda kwa haki. Lakini linachukua siku 100 hadi 120 na linataka miti ya kulishikiza. Mhami aliyerudi jana atatoa wapi mamia ya miti? Ataingia katika Hifadhi ya Virunga, ambako wengi wameenda kutafuta kuni na wasirudi? Tena anayelima shamba la kukodi, ambaye hajui kama mwezi ujao atakimbia tena, anahitaji zao la siku 80 kuliko zao la siku 120. Siku 40 za tofauti zinaweza kuwa tofauti kati ya kuvuna na kuwaachia wengine shamba.

Milima nayo ina sauti yake. Kiwanja kuna joto, mbegu inakimbia. Juu Masisi, kwenye baridi, mbegu hiyo hiyo inachelewa kwa siku nyingi. Kutoa mfuko mmoja kwa wote, bila kusema utachukua siku ngapi mahali gani, ni kugawa bahati nasibu.

Halafu kuna mavuno yenyewe. Vita na njaa vinawafanya watu kuvuna kabla ya siku. Maharagwe mabichi yanachumwa kwa sababu watoto wanalia, na hakuna anayeweza kumlaumu mama kwa hilo. Mengine yanachumwa kwa sababu wenye silaha wamepita na kuanza kujivunia wenyewe. Lakini hasara lazima isemwe. Haragwe lililovunwa bichi linaliwa jioni hiyo. Halikai na halifai kuwa mbegu. Viazi mviringo vilivyochimbwa ngozi ikiwa laini vinaoza njiani kabla chukudu haijafika sokoni.

Kwa anayeweza kungoja, alama ni hizi. Maganda yawe ya manjano na makavu, majani mengi yawe yameanguka, na ukiuma punje, jino lisiache alama. Ng'oa asubuhi mapema, umande ukiwapo, maganda yasipasuke na kumwaga punje chini. Kwa viazi, kata mashina, ngoja majuma mawili hivi, kisha sugua kimoja kwa kidole gumba: ngozi ikitoka, bado. Na hata anayelazimika kula mabichi, aache mistari michache ikauke kabisa. Hiyo ndiyo mbegu ya msimu ujao, na haisubiri gari la mtu.

Wanaotetea ucheleweshaji wana sababu zao. Barabara zimefungwa, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, benki zikafunga milango, fedha za wafadhili zikapungua. Yote ni kweli, na yanaumiza. Lakini tarehe ya mvua inajulikana mwaka mzima kabla. Anayejua kwamba njia ni ngumu ndiye anayepaswa kuanza safari mapema. Na kama mbegu imeshindwa kufika kwa wakati, kuna heshima katika kuiweka ghalani hadi msimu unaofuata na kutoa chakula badala yake, kuliko kuigawa ili hesabu ya mradi ifungwe.

Wengine wanasema wahami wanakula mbegu. Ndiyo, wapo. Mtu ambaye hajala siku mbili hawezi kuzika maharagwe ardhini akalala na njaa miezi mitatu akiyangoja. Dawa yake ni kutoa mbegu pamoja na chakula cha kuvukia hadi mavuno. Na mbegu zilizotiwa dawa, ambazo mara nyingi zina rangi nyekundu au ya waridi, si chakula hata zikioshwa. Hilo lisemwe kwa sauti kila mahali zinapogawiwa, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kihunde na Kinande.

Kwa hiyo wahami na wakaaji wanaowapokea wana haki ya kudai mambo manne. Mbegu zifike kabla ya mwisho wa mwezi wa nane kwa msimu A, na kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza kwa msimu B. Kila mfuko uandikwe siku za kukomaa. Chakula kitolewe pamoja na mbegu. Na wakulima wenyewe, hasa akina mama, waulizwe aina kabla ya ununuzi, si siku ya kupiga picha.

Wenye silaha, wa upande wowote, wanadaiwa neno moja tu: shamba la raia likiwa na maua, liacheni likomae.

Na mama ukiitwa kuchukua mfuko, uliza kwa sauti mbele ya wote: "Hii inakomaa siku ngapi, na mvua imebakiza ngapi?" Anayegawa akishindwa kujibu, wote waliosimama kwenye mstari watakuwa wamesikia.